Mzee Anataka Kitufe Kimoja

Fedha za ufuta zinapoanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, kati ya Juni na Agosti, maduka ya vifaa vya umeme ya Ruangwa mjini huzitoa sabufa barazani na kuzifungulia sauti mpaka mabati yatetemeke. Vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, vimeshapeleka mzigo ghalani, minada ya chama kikuu cha RUNALI imepita, na mtu aliyekaa miezi akihesabu shilingi sasa anaweza kutazama kitu cha kuchangamsha nyumba. Vijana hujinunulia. Wachache wenye kukumbuka huwanunulia na wazazi. Hapo ndipo pesa ya ufuta inapopotea, maana kinachompendeza kijana wa miaka 25 aliyesimama mbele ya duka sicho kitakachomfaa baba yake wa miaka 75, aliye peke yake ndani saa mbili usiku huko Narung'ombe.

Narung'ombe ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi. Wanaosoma historia huikumbuka kwa vita: Julai 19, 1917 jeshi la Waingereza lililotokea upande wa Kilwa lilipambana hapo na jeshi la Wajerumani, na damu nyingi ikamwagika katika ugomvi usiowahusu wenyeji. Baada ya hapo jina lake halikusikika sana nje ya Lindi. Mzee aliyeoa hapo miaka ya 1970 alioa akiwa mtu wa Wilaya ya Nachingwea. Mwaka 1995 Ruangwa ikamegwa kuwa wilaya yake, naye akajikuta anazeekea wilaya nyingine bila kuhamisha hata kinu.

Mjomba wangu ni mmoja wa wazee hao. Sisi wapwa tulichanga, mmoja wetu akanunua spika nzuri, nyeusi, yenye taa zinazobadilika rangi, tukampelekea kwa basi. Ilifika salama. Tulipompigia simu kumwamkia na kumuuliza hali ya muziki, alijibu marahaba, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mpwa wangu, redio gani hii inanifokea kabla sijaigusa vizuri?"

Ilikuwa kweli inamfokea. Spika nyingi za bei nafuu zinazouzwa sasa zikiwashwa hutoa kwanza sauti ya mwanamke anayetangaza kwa Kiingereza, kwa nguvu zote, kwamba bluetooth iko tayari. Kwa kijana, hilo ni jambo la kupuuza. Kwa mzee anayetaka kusikiliza taratibu wakati mkewe amelala chumba cha pili, ni kero ya kutosha kumfanya asiiwashe tena. Na huo ulikuwa mwanzo tu. Kitufe cha kuongeza sauti kwenye spika ile ndicho hicho hicho cha kuruka wimbo: ukikibonyeza na kukiachia, wimbo unabadilika, ukikibonyeza na kukishikilia, sauti inapanda. Kitufe chenye herufi M kinahamisha mashine kutoka redio kwenda kwenye memori kadi, kutoka kadi kwenda bluetooth, kisha inarudi redio. Kitufe cha katikati kinasimamisha wimbo, lakini ukikishikilia kinaanza kutafuta stesheni zote upya na kufuta ulizoziweka. Vidole vya mtu aliyelima maisha yake yote havitofautishi kubonyeza na kushikilia. Mjomba alitaka sauti ipande kidogo, wimbo ukahama. Akataka urudi, ukaja mwingine. Baada ya muda spika ikawa mali ya wajukuu, nayo ikahamia chini ya mwembe.

Wengi wetu hapo husema, basi tena, wazee na teknolojia haviendani. Ni maneno ya kujifariji. Mzee huyo huyo, akiwa kijana, alikuwa anaitafuta stesheni kwenye masafa mafupi kwa kuzungusha swichi nusu ya nywele, usiku, katikati ya mikoromo ya hewani, mpaka anaipata. Aliijua redio ya mwenzake kwa kuishika tu gizani. Waliomtangulia walikuwa wakibadilisha sindano ya santuri na kukijaza kinanda upepo kwa mkono, wala hakuna aliyewaita wajinga wa mitambo. Kilichobadilika ni mashine. Zamani kila kazi ilikuwa na kishikio chake, na kishikio kilikaa pale ulipokiacha. Swichi ya sauti ukiiacha nusu, kesho asubuhi utaikuta nusu. Mshale wa stesheni ukiuacha pale, hauondoki. Ukiitazama redio, hata ukiigusa tu, unajua iko katika hali gani. Spika za sasa zinaficha hali yake tumboni. Nje utaona kitaa cha bluu kinachopepesa, na ni juu yako kukumbuka mara ya mwisho ulibonyeza nini.

Kwa wazee wa kusini redio na mashine ya muziki vilikuwa kitu kimoja. Matangazo yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, na mwaka 1965 chombo hicho kikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Nchi haikuwa na viwanda vya kutosha vya muziki. Bendi zilirekodiwa kwenye studio ya redio, na santuri za waliobahatika zilikandamizwa Nairobi. Kwa hiyo mtu wa Narung'ombe aliyempenda Mbaraka Mwinshehe au NUTA Jazz hakuwa na haja ya kumiliki wimbo. Alisubiri upigwe. Nachingwea palikuwa na mtambo wa kurushia matangazo hayo, na kwa wilaya iliyokaa mbali hivyo na kila kitu, lilikuwa jambo kubwa. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipokusanya watu kiasi cha milioni mbili nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza redio, vijiji vilikaa duara kuzunguka chombo kimoja na kuzungumza juu ya vyoo na mbu. Vijana wa wakati ule ndio wazee wa leo. Walijifunza kuisikiliza redio kwa heshima, kimya, hadi taarifa ya habari iishe na Mazungumzo Baada ya Habari yapite.

Na betri walizitunza. Betri zikichoka haziendi kutupwa; zinaanikwa juani juu ya ungo, jioni zinarudishwa na zinatoa bendi mbili tatu zaidi kabla ya kulala kabisa. Sijapata kuona mtu akianika chaja.

Wenzetu wa nje wamelifikiria jambo hili kwa bidii. Uingereza kuna mashine iliyotengenezwa makusudi kwa wazee waliopungukiwa kumbukumbu, yenye sura ya redio ya zamani. Ukifunua kifuniko cha juu muziki unaanza, ukikifunika unanyamaza. Kuna kitufe kimoja kikubwa cha kuruka wimbo, basi. Swichi ya sauti na tundu la kuingizia nyimbo vimewekwa mahali ambapo mzee hana haja napo. Hiyo ni kazi ya mtoto au mwuguzi, mara moja kwa mwezi. India nako, kampuni ya Saregama, yenye hazina kubwa ya nyimbo za filamu za zamani, ilitoa mwaka 2017 chombo kiitwacho Carvaan, chenye sura ya redio ya babu na nyimbo 5,000 za Kihindi zilizokwishapakiwa ndani. Waliolengwa ni wazazi, na wanunuzi walikuwa watoto wao. Iliuzika sana, kwa sababu mtoto aliyeko mjini alipata zawadi isiyohitaji kufundishwa kwa simu.

Hayo yote ni mazuri, lakini ya Uingereza ni ghali na ya kuagiza, na ya India imejaa nyimbo za India. Ya kwetu ingekuwa na nyimbo za bendi kama Cuban Marimba, Kilwa Jazz na Western Jazz, na isingeshindikana kutengenezwa. Kanda za RTD zilirithiwa na TBC. Redio ndogo iliyojaa zilipendwa hizo, yenye swichi mbili tu, ikiuzwa wakati wa ufuta na korosho, ingeondoa haja ya makala kama hii. Mpaka hapo itakapopatikana, kazi ni ya fundi.

Nilikwenda kumwona fundi redio wa Ruangwa, mmoja wa wale wenye meza ya mbao mbele ya duka la mtu, iliyojaa matumbo ya redio. Nilimweleza ninachotaka: redio isiyo na maneno mengi. Hakuuliza sababu. Alisema anaona wazee wanaletewa hizi spika, na wao wanamletea yeye "zimeharibika", wakati hazina ubovu wowote, zimebonyezwa tu mpaka zikaenda kusikoeleweka. Yeye huzirudisha kwenye redio na kumwambia mzee asiguse tena.

Ushauri wake wa kwanza ulikuwa nisinunue spika kabisa. Ninunue redio ya kawaida yenye swichi ya kuzungusha inayolia "ta" ikiwashwa, na tundu la memori kadi au flashi. Zipo, na si ghali kama sabufa. Swichi hiyo inayowasha na kuongeza sauti kwa mzunguko mmoja ndiyo jambo la kwanza la kutafuta dukani, kabla ya rangi, kabla ya taa, kabla ya ukubwa. Mzee akiizungusha kulia inapiga kelele zaidi, kushoto inapungua, ikilia "ta" imezimika. Hakuna mtu aliyeshika redio miaka ya 1970 asiyelijua hilo.

Jambo la pili ni kuijaribu palepale. Weka kadi, acha wimbo ufike katikati, zima, washa. Redio nyingine huendelea pale ulipoishia. Nyingine hurudi wimbo wa kwanza kila mara, na mzee mwenye redio hiyo atausikia wimbo namba moja mpaka auchukie. Nyingine zikiwashwa huanza na FM hata kama kadi imo, na hiyo inaweza kuwa neema kwa mzee anayependa redio kuliko nyimbo. Lazima ujue unamnunulia nani.

Vitufe vya ziada fundi alivimaliza kwa namna iliyonifurahisha. Alifungua skurubu za redio niliyonunua, akaitoa ile bodi ndogo ya vitufe, akapasha moto miguu ya kitufe chake cha M na kuking'oa kabisa. Tundu lililobaki aliliziba kwa plasta nyeusi. Akafanya hivyo hivyo kwa kile cha kutafuta stesheni. Vikabaki cha kuruka wimbo na cha kurudi nyuma, na cha kuruka akakipaka rangi nyekundu ya kucha aliyoiazima kwa dada wa saluni ya jirani. Kazi haikuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. "Hiki chekundu ndicho cha mzee," alisema. Kwa asiye na fundi karibu, plasta peke yake inatosha. Ziba kila kitufe ambacho mzee hatakitumia, acha kimoja.

Sasa sauti. Umri ukienda, sikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile za juu, na ndiyo maana mzee anasikia kwamba unaongea lakini hashiki unachosema. Redio ndogo ya mfukoni hutoa sauti nyembamba tupu. Sabufa hutoa besi ambayo inamfunika mwimbaji. Vyote viwili vinamkosesha maneno, na katika muziki wa dansi wa zamani maneno ndiyo yenyewe: mashairi, visa, mafumbo, majina ya watu waliosalimiwa. Tafuta redio yenye spika ya kadiri, ukubwa wa kiganja kilichofunguliwa, ndani ya boksi la mbao au plastiki nene. Kisha uiweke usawa wa kichwa cha mzee, kwenye kimeza kando ya kiti au kitanda, isikae juu ya kabati ng'ambo ya chumba. Sauti ikiwa karibu haina haja ya kuwa kubwa.

Umeme nao una mambo yake. Vijijini Ruangwa kuna nyumba zenye nguzo ya TANESCO, kuna zenye sola ya taa mbili na tundu la kuchajia simu, na kuna zisizo na kimojawapo. Redio nyingi ndogo za kadi hutumia betri nyembamba ile ile ya simu za Nokia za zamani, BL-5C, na hiyo ni bahati: inapatikana karibu kila kibanda cha simu, inatolewa kwa ukucha, na mzee anaweza kuwa nazo mbili, moja ndani ya redio na nyingine kwenye chaja. Tazama pia redio inayokubali waya wa chaja wa kawaida na betri kavu kwa pamoja. Siku chaja ikipotea, na itapotea, mzee atatuma mtoto dukani akanunue betri kama alivyokuwa akifanya tangu zamani.

Nimechelewa kufika kwenye nyimbo, na nyimbo ndizo shughuli yenyewe.

Kila mji una kibanda chenye kompyuta ambapo kijana atakujazia kadi. Utamwambia "niwekee zilipendwa", naye ana folda lenye jina hilo, atakumwagia nyimbo mia nane. Dakika moja ya muziki inachukua kama megabaiti moja, kwa hiyo kadi ndogo ya gigabaiti 4 inabeba karibu nyimbo elfu. Kadi itajaa, utalipa, utaona umepata mali. Ukweli ni kwamba umempa mzee wako ghala asilo na ufunguo wake. Ndani ya nyimbo hizo mia nane kuna muziki wa Zaire, wa Kenya, wa miaka ya 1990, wimbo mmoja umerudiwa mara nne kwa majina tofauti, na matangazo ya kibanda katikati. Wimbo anaoujua ataukuta baada ya kubonyeza mara thelathini, kama atafika. (Na wanamuziki wale, au warithi wao, hawapati senti katika biashara hiyo. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, lakini haijafika kwenye vile vibanda ninavyovijua mimi.)

Nyimbo arobaini zinatosha. Zichague kwa hesabu rahisi. Watafiti wa kumbukumbu wamegundua kwamba watu wazima hukumbuka zaidi mambo ya umri wa kati ya miaka 10 na 30, na muziki wa wakati huo hushika kuliko mwingine. Mzee aliyezaliwa 1947 alikuwa kijana wa kucheza kati ya 1962 na 1975. Huyo ni mtu wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki 1965 wakati bado anapendwa. Ni mtu wa Kilwa Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka. Aliyezaliwa 1960 ni mtu mwingine kabisa. Ujana wake ni Vijana Jazz, Maquis, Mlimani Park iliyoanza 1978, Marijani Rajabu. Ukimpa huyu nyimbo za yule, atasikiliza kwa adabu na kusema "nzuri," kama asemavyo mgeni juu ya chakula asichokipenda.

Usimuulize mzee "unapenda nyimbo gani?" Atakujibu zozote, mwanangu. Muulize alioa mwaka gani na ngoma ilipigwa na nani. Muulize mara ya kwanza kuona santuri ilikuwa nyumbani kwa nani. Muulize kama alipata kufanya kazi Dar, Tanga kwenye mkonge, au Nachingwea mjini, na usiku walikwenda wapi. Mjomba, niliyedhani ni mtu wa Mbaraka, nilipomuuliza hivyo alianza na mashairi ya maulidi aliyoyasoma utotoni chuoni kwa mwalimu wake, na akaendelea nayo mpaka akasahau kwamba nilikuwa kwenye simu. Dansi lilikuja baadaye kabisa, na alilitaja kwa kunong'ona.

Kwa hiyo nyimbo zake zina mafungu mawili, kwa kweli ni kadi mbili. Moja ina kaswida na maulidi, na hiyo ndiyo inayokaa ndani ya redio Ramadhani nzima. Nyingine ina dansi. Jirani yake wa upande wa kanisa atataka kwaya, na si kwaya za sasa zenye kinanda cha umeme, anataka zile za sauti nne tupu alizoimba mwenyewe. Yote haya kijana wa kibanda hawezi kuyajua. Anaweza kuyajua mtoto au mjukuu, tena kwa kuuliza.

Mpangilio nao una siri yake. Redio nyingi za bei hii hazifuati alfabeti wala namba. Zinapiga nyimbo kwa utaratibu zilivyonakiliwa kwenye kadi. Mwambie kijana afute kadi yote kwanza, kisha aweke nyimbo moja moja kwa mpangilio unaoutaka. Wimbo wa kwanza uwe ule anaoujua kuliko yote, ili hata redio ikiwa ya kurudi mwanzo kila ikiwashwa, aanze na rafiki.

Bibi zetu wana kesi tofauti, na hapa naomba tuwe waangalifu. Wanawake wengi wa Kimwera, Kiyao na Kimakonde wa umri huo hawakwenda dansini. Muziki wao mkubwa ulikuwa wa ngoma, na ndani ya ngoma zile kuna za unyago. Nyimbo za unyago zina wenyewe, zina mahali pake na wakati wake, na haziwekwi kwenye redio itakayolia sebuleni mbele ya mkwe na wajukuu wa kiume. Kijana mwenye simu anayekwenda kuzirekodi kwa nia njema anaweza kumtia bibi yake aibu. Lakini zipo nyimbo nyingine zisizo na miiko: za kutwanga, za kulima kwa ujima, za kubembeleza watoto, za ngoma za mavuno zinazochezwa uwanjani kila mtu akiona. Muombe bibi achague mwenyewe zipi. Muite na shoga yake waimbe wawili, maana mmoja akisahau mwenzake anashika. Rekodi kwa simu, ndani ya nyumba isiyo na upepo, kuku wakiwa nje. Ukizihamishia kwenye kadi, zitakuwa nyimbo pekee kwenye redio ile ambazo hakuna kibanda kinachoweza kukuuzia. Bibi mmoja wa huko, jirani na mjomba, aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka redioni alimwambia mjukuu wake kwa utani wa kawaida wa bibi na mjukuu: "Mume wangu, leo umenioa upya."

Zipo nyumba ambamo mzee ameanza kusahau, anauliza jambo moja mara tano, anawaita watoto kwa majina ya wadogo zake waliokufa. Watu husema amerudi utotoni. Marekani, mtu mmoja aitwaye Dan Cohen alianza kuwapelekea wazee wa namna hiyo, katika nyumba za kutunzia wazee, vichezeo vidogo vya muziki vyenye nyimbo za ujana wao, na filamu ya 2014 iitwayo Alive Inside ilionyesha baadhi yao wakiinua vichwa, wakiimba, na kuanza kuzungumza baada ya kimya kirefu. Muziki hauponyi ugonjwa huo na asikuuzie mtu redio kwa ahadi hiyo. Lakini kumbukumbu ya nyimbo huweza kubaki wakati nyingine zimekwishaondoka, na kwa anayemwuguza mzee nyumbani peke yake, mchana mmoja wa utulivu ni kitu kikubwa. Kwa mgonjwa wa aina hiyo hata kitufe kimoja ni kingi. Anayemtunza awashe, aweke karibu, akae naye kidogo, azime akichoka.

Msimfiche mzee redio ya kweli kwa sababu mmempa nyimbo. Wazee wengi hawatafuti muziki saa zote. Wanataka taarifa ya habari, wanataka mpira timu ya Namungo ikicheza, wanataka matangazo ya vifo, maana hiyo ndiyo njia ya kujua nani katika kizazi chao amebaki. FM haipendi milima, na Ruangwa ina vilima vya kutosha. Jaribu redio pale pale itakapokaa, sogeza huku na huku, na ukipata mahali inaposhika karibu na kiti chake, piga msumari hapo ukutani iwe ndiyo nyumba yake. Stesheni uiweke mwenyewe kabla ya kuondoka.

Mjomba sasa ana redio ya fundi yenye kitufe chekundu. Ile spika bado iko chini ya mwembe kwa wajukuu, na inasikika mpaka barabarani.

Ndugu msomaji unayetuma zawadi nyumbani msimu huu, usiitume kwa basi. Nenda nayo, au mpe anayekwenda na atakayelala angalau usiku mmoja. Mwache mzee aiwashe na kuizima mwenyewe mbele yako, wewe ukiwa umefunga mikono, mpaka uone haombi msaada. Na kadi zinakili mara mbili: seti moja ikae kwenye redio, nyingine ibaki kwako, kwa sababu memori kadi ni ndogo kuliko ukucha na watoto wa nyumbani wana simu zisizo na kadi.